Amri za Mungu hushikwa kwa upendo, si kwa hofu ya kadi ya zaka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Wakristo wenzangu wa hapa Malindi, hasa wazee wa kanisa, makatekista na wenyekiti wa jumuiya, kuhusu jambo ambalo limenikereketa kwa muda mrefu, nalo ni namna tunavyozishika kanuni zetu na namna tunavyowalazimisha wengine kuzishika.

Katika makanisa yetu mengi ipo kanuni, ambayo mara nyingi haikuandikwa popote, kwamba Mkristo aliyefariki bila kukamilisha zaka na michango yake hasomewi ibada ya mazishi. Familia inapofika kutoa taarifa ya msiba, jambo la kwanza kuulizwa si marehemu aliugua nini wala watoto wamebaki na nani, bali ni kadi yake iko wapi. Kadi ikionekana ina miezi mitupu, ndugu huambiwa wakalipe deni kwanza. Nimemshuhudia mjane akizunguka kwa majirani, baadhi yao Waislamu, akikopa fedha za kulipa michango ya mume wake ambaye alikuwa amelala kitandani kwa muda mrefu bila kipato chochote, ilhali katika kipindi hicho chote kanisa lililomdai halikumpelekea hata kilo moja ya unga. Majirani wale walitoa bila kuuliza maswali. Kanisa lenyewe sitalitaja, kwa sababu desturi hiyo si yake peke yake, na nia yangu si kumwaibisha mtu.

Sipingi zaka. Najua kwamba kanisa hulipa umeme na maji, hukarabati paa na kumtunza mtumishi wake, na najua pia kwamba wapo wenye uwezo ambao hujificha nyuma ya maskini ili wasitoe. Ninachokipinga ni kuichukua amri iliyowekwa ili watu wa Mungu wasaidiane, kisha kuitumia dhidi ya yule hasa ambaye ilipaswa kumsaidia.

Jambo hili linauma zaidi likitendeka katika mji huu. Mwaka 1542 mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipita Malindi akielekea Goa, na katika barua aliyoiandika baadaye alieleza kwamba mtu mmoja wa merikebu yao alifariki, wakamzika hapa, na kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na namna Wakristo walivyomzika mfu wao. Katika barua hiyohiyo alisimulia pia jinsi Mwislamu mmoja mwenye hadhi alivyosikitika mbele yake kwamba ibada imepungua, kwani kati ya misikiti 17 ya mji ni 3 tu iliyokuwa ikihudhuriwa. Kikanisa kidogo cha Wareno, chenye paa la makuti, kingalipo karibu na bahari pamoja na makaburi yake. Basi mazishi ya msafiri asiye na jamaa hapa yaliweza kuwa ushuhuda mwema machoni pa watu wa dini nyingine, ambapo mazishi ya ndugu yetu tuliyembatiza wenyewe yanatufanya tuonekane watu wa kudai madeni kwa maiti. Tunaishi bega kwa bega na majirani wanaoharakisha kumsitiri maiti wao awe tajiri au fukara, na wanatuona.

Hakuna anayeweza kuandika kutoka Malindi juu ya kanuni za dini akaiacha Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu ule wa kaunti yetu ya Kilifi, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, watoto wakiwa wengi miongoni mwao, na njaa ikatajwa kuwa sababu kuu ya vifo. Yaliyo ya mahakama nayaachia mahakama. Lakini ndani ya makanisa yetu tumejifariji upesi mno kwa kusema kwamba yale yalikuwa mafundisho potofu na sisi hayatuhusu. Mimi naona yalikuwa pia utiifu uliotengwa na upendo, yaani watu waliofundishwa kushika sharti la kufunga kwa namna ambayo hata kilio cha mtoto mwenye njaa hakikuweza kulisimamisha. Nabii Isaya, katika sura ya 58, alikwisha kueleza kwamba mfungo aliouchagua Bwana ni kumgawia mwenye njaa chakula na kumpokea nyumbani maskini asiye na pa kukaa. Mfungo unaomnyima mtoto chakula haukuzidisha tu kiasi cha mfungo huo, bali ni kinyume chake kabisa. Nasi tunaowazoesha waumini kutii bila kuuliza sharti linamfaa nani, tunawaandaa kumtii hata yule atakayekuja na sharti la mauti.

Yesu mwenyewe alikutana na tabia hii katika sinagogi. Luka anasimulia, katika sura ya 13, habari za mwanamke aliyekuwa amepinda mgongo kwa miaka 18, asiyeweza kujiinua kabisa. Yesu alipomponya siku ya sabato, mkuu wa sinagogi alikasirika akawaambia watu kwamba zipo siku sita za kufanya kazi, basi waje waponywe katika siku hizo. Tazama kwamba mtu huyu hakusema uongo juu ya sheria. Siku sita zilikuwapo kweli, na sabato ilikuwa amri ya Mungu. Kosa lake ni kwamba alimtazama mwanamke aliyesimama wima kwa mara ya kwanza baada ya miaka 18, asione chochote ila kanuni iliyovunjwa. Yesu akamkumbusha kwamba kila mmoja wao humfungua ng'ombe au punda wake siku hiyohiyo akampeleka kunywa maji. Mahali pengine alisema waziwazi: "Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato."

Wapo watakaosema kwamba maneno kama haya yanalegeza kanisa, kwamba tukiwaambia watu upendo ndio mkubwa, kesho hakuna atakayetoa wala kusali, na kila mtu atafanya anavyotaka kwa jina la upendo. Hofu hiyo naiheshimu, maana nimewaona vijana wanaolitumia neno upendo kuhalalisha mambo ambayo upendo wenyewe ungeyakataa. Lakini Bwana aliyesema juu ya sabato ndiye pia aliyesema, "Mkinipenda, mtazishika amri zangu." Na alipowakemea Mafarisayo waliotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira huku wakiyaacha mambo makuu ya sheria, yaani adili, rehema na imani, hakuwaambia waiache ile zaka ya mnanaa, bali alisema kwamba hayo makuu iliwapasa kuyafanya, "wala yale mengine msiyaache." Kwa hiyo upendo hauifuti amri. Mama anayekesha na mtoto mwenye homa hufanya zaidi ya lolote ambalo sheria ya nchi ingeweza kumwamuru, wala hakuna askari anayemsimamia.

Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Injili ya Luka, anatosha kuwa shahidi wa hili. Torati, katika kitabu cha Hesabu, ilimtaka mtu aliyemdhulumu mwenzake na kuungama arudishe mali ile na kuongeza sehemu ya tano yake. Zakayo alisimama akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu akaahidi kumrudishia mara nne. Yesu hakumdai chochote. Aliingia nyumbani mwake akawa mgeni wake, jambo ambalo watu walilinung'unikia. Wazee wetu walinena kweli kwamba hiari yashinda utumwa, na kama makanisa yetu yangetaka fedha tu, bila kujali jambo jingine, bado yangepata zaidi kwa kuingia katika nyumba za watu kuliko kwa kukagua kadi zao.

Kinyume cha Zakayo ni yule kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, aliyemwambia baba yake kwamba amemtumikia miaka mingi bila kuikosa amri yake wakati wowote, kisha akakataa kuingia katika karamu ya ndugu yake aliyerudi. Alikuwa mtiifu shambani, na utiifu ule haukumfundisha kumpenda ndugu yake wala baba yake. Nawasihi wazee wenzangu tuisome habari hii tukijua kwamba sisi, tuliokaa nyumbani kwa Baba siku nyingi, ndio walio karibu zaidi na hatari yake.

Mahudhurio ya Jumapili nayo yanahitaji moyo huohuo. Wavuvi wetu hawajipangii siku. Kusi linapovuma, wenye vyombo vidogo hukaa pwani kwa siku nyingi, na bahari inapotulia hulazimika kwenda wakati maji yanaporuhusu, iwe Jumapili au siku nyingine. Wafanyakazi wa hoteli hushika zamu wakati wa msimu wa wageni, na anayekataa zamu hupoteza kazi. Watu hawa huandikwa katika daftari kuwa watoro. Ibada moja ya jioni ingewatosha, na anayempenda mwenzake huitafuta njia hiyo kabla ya kumwandika jina.

Ombi langu kwa mabaraza ya makanisa ni dogo na linawezekana. Mtunza hazina anapoona kadi ya mtu imekaa miezi mitatu bila alama, jina hilo lipelekwe kwa wanaowatembelea wagonjwa na wenye shida, waende wakamwone akiwa hai, wajue kama anakula na kama anatibiwa. Akionekana ana uwezo ila hataki kutoa, mchungaji au padri azungumze naye kwa upole kama ndugu. Nayo kanuni ya kuwanyima watu mazishi kwa sababu ya deni ifutwe kwa maandishi, kisha itangazwe mbele ya waumini wote Jumapili, ili familia zinazouguza wagonjwa wao hivi sasa huko Maweni, Muyeye na Kisumu Ndogo zijue kwamba hazitadaiwa chochote siku ya msiba.

Mzee wa kanisa,
Malindi