Barua kwa wazazi na walezi wa darasa la awali: kufunga muhula wa kwanza

Wazazi na walezi, salaam.

Tunafunga Ijumaa hii. Kabla watoto hawajawaletea mabegi nyumbani, nijibu swali ambalo wazazi kadhaa mmeniuliza getini: "Mwalimu, mbona daftari la mwanangu jeupe? Kazi yao kuimba na kupiga makofi tu?"

Makofi hayo ndiyo somo lenyewe. Kiswahili tunakisoma kwa silabi, na mtoto ambaye sikio lake halijazikamata atakariri "ba be bi bo bu" kama wimbo. Ukimwonyesha "bo" peke yake, kimya. Basi tunaanza na sikio. "Kuku" makofi mawili, "embe" mawili. "Mtu" lilitusumbua wiki nzima: darasa zima kofi moja, mpaka walipoisikia ile "m" imesimama peke yake, m-tu. Siku hizi wanatusahihisha walimu. Sasa tuko kwenye "kula" na "kura", na hapo hata sisi wakubwa wengine tunateleza.

Likizo hii msiwatafutie tuisheni, tafadhali. Watumeni duka la jirani: leo vitu viwili, wakizoea vitatu, chumvi, kiberiti, nyanya, bila karatasi. Mtoto avitaje kabla hajatoka. Jioni zimeni televisheni mtege vitendawili. Mkisimulia hadithi, katisheni katikati mwulize sungura atafanya nini, halafu nyamazeni. Tuna tabia ya kuuliza na kujibu wenyewe.

Kuna jambo limeniuma. Mtoto mmoja tulimwona mtundu, ukimwita hageuki. Tulimhamisha kiti mara tatu kabla mwalimu hajagundua kuwa kila akisikiliza anageuza shingo upande uleule. Sikio la pili lilikuwa linatoa usaha. Tulichelewa, na lawama ni yetu. Mama yake ameniruhusu niliseme hili. Mkiona sikio linatoa maji au harufu, au mtoto anasogelea sana redio, mpelekeni kituo cha afya. Msimtie mafuta wala njiti za pamba.

Tarehe ya kufungua imebandikwa getini. Kila mtoto aje na kikombe cha uji chenye jina lake. Vikombe 11 visivyo na mwenyewe viko ofisini kwangu, kimoja hakina mkono.

Mwalimu Mkuu