Vidonge vya "kusafisha mishipa" na wagonjwa wetu wa kisukari

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita mama mmoja alifika kliniki yetu ya kisukari akiwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Mguu una ganzi, hata hakujua kilianza lini. Metformini, dawa yake ya kushusha sukari, alikuwa ameiacha. Pesa yake yote iliishia kwenye kopo la vidonge vya antioksidanti, yaani vya kuzima oksijeni kali mwilini, alivyoambiwa vinasafisha mishipa.

Wauza vidonge hivi huaminika kwa sababu wanaanza na jambo la kweli. Sukari ikizidi katika damu, seli zinazofunika ukuta wa ndani wa mshipa haziwezi kuizuia isiingie. Mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli hizo, huelemewa na kutoa supaoksidi, oksijeni kali inayounguza kila inachogusa. Supaoksidi huimaliza nitriki oksidi, ile gesi inayolegeza mshipa damu ipite. Mshipa hukakamaa, mafuta hujipenyeza ukutani, na miguu, macho na figo huanza kukosa damu.

Wasichosema ni kwamba tiba ya aina hii imekwisha kujaribiwa kwa watu. Katika utafiti wa HOPE, uliotangazwa mwaka 2000, watu zaidi ya 9,000 walioko hatarini, wakiwamo maelfu wenye kisukari, waligawanywa: nusu walimeza yuniti 400 za vitamini E, ambayo ni antioksidanti, kila siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka minne na nusu hivi, mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Walipoendelea kufuatiliwa, ripoti ya mwaka 2005 ilionyesha kuwa waliomeza vitamini E walipata zaidi tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu. Na katika utafiti huohuo, ramiprili, dawa ya presha, ilipunguza vifo.

Mchicha na mapera waendelee kula, hayo sina ugomvi nayo. Lakini kidonge hakizuii sukari kuingia kwenye seli, na moto unawashwa humo humo.

Ndugu Mhariri, matangazo ya makopo haya nayaona hata katika gazeti lako. Kabla ya kuchapa jingine, naomba mwenye tangazo aulizwe ni wagonjwa gani waliopimwa, na wangapi walinusurika kukatwa mguu.

Yule mama amerudia metformini. Kidonda tunakisafisha kila baada ya siku moja, na bado hatujui kama kidole kitabaki.

Muuguzi, kliniki ya kisukari,
Tanga