Kuhusu fulana yako inayokakamaa kifuani

Dar es Salaam

Kaka, salaam.

Fulana uliyonitumia nimeipata. Mchoro umetulia, rangi zimekaa mahali pake, ila kifuani ni kama imebandikwa kipande cha turubai. Wewe unalaumu wino. Mimi nalaumu skrini kwanza, yaani ile fremu yenye nyavu unayopitishia wino.

Hiyo nyavu yako ya nyuzi 43 kwa sentimita inamwaga wino mno. Plastisoli, huo wino wako wa plastiki, haizami kwenye pamba ikapotea, inakaa juu, na kila unachozidisha ndicho mkono unachogusa. Panda hadi 77, au 90 kwa mistari myembamba. Wino wa kopo utakuwa mzito kwa nyavu hizo, kwa hiyo ukoroge mpaka ulegee, kisha utie kilainisho gramu 50 kwa kilo. Pima kwa mizani, si kwa macho: kikizidi wino hauivi kwa moto, na rangi itaishia kwenye beseni la kufulia.

Raba ya kuvutia wino juu ya skrini iwe ya ugumu wa 70 kwa kipimo cha Shore A na makali yake yawe hai. Skrini ipae milimita 3 hivi juu ya kitambaa. Kwenye fulana nyeupe mvuto mmoja thabiti unatosha. Wa pili huwa ni wa woga tu.

Fulana nyeusi ndiyo yenye kesi. Ule weupe wa chini, tabaka linalotangulia ili rangi zionekane, ndio unaoleta ugumu, na wewe umeupiga mara mbili. Upige mara moja kwa nyavu ya 61, uukaushe kidogo tu usinate, kisha rangi za juu zipite kwenye 90. Halafu palipo na kivuli cheusi kwenye mchoro, acha pamba yenyewe ionekane. Kwa nini uchape nyeusi juu ya nyeusi?

Ukitaka mkono usihisi kitu kabisa, kuna wino wa maji wa kung'oa rangi ya kitambaa chenyewe. Unga wake wa kuuamsha uwe asilimia 6 ya uzito wa wino, na uchanganye wa kazi ya siku hiyo tu, maana baada ya saa 6 hadi 8 nguvu inaisha. Wino huu unataka pamba tupu, rangi ya poliesta haing'oki. Hata pamba ya bluu iliyokoza huwa mbishi, basi jaribu fulana moja kabla ya kupokea oda ya mia. Wino huo hutoa fomaldehaidi, hewa yenye sumu, kwa hiyo fungua madirisha, na fulana ifuliwe kabla ya kuvaliwa.

Wino wa maji na joto letu hili haviivani. Kila baada ya mvuto funika mchoro kwa wino, usiache skrini wazi hata ukiitwa kula, na feni isiielekee. Dawa ya skrini, ile inayoziba nyavu pasipo na mchoro, nayo iwe ile inayostahimili maji, la sivyo vitatokea vitundu katikati ya kazi.

Tabaka jembamba lisikudanganye ukapunguza moto: plastisoli inataka joto la nyuzi 160 za Selsiasi mpaka chini ya tabaka. Ikipoa, ivute kwa vidole, ikipasuka, haijaiva. Wino wa maji nao unataka 160, ila upe dakika 2 au 3, kwa sababu maji lazima yatoke kwanza.

Ukituma nyingine, usiipige pasi. Nataka kuishika kama ilivyotoka mezani.

Wasalaam,
Rafiki yako