Watu wa Pompeii hawakugeuka mawe

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Pompeii, mji wa kale wa Kirumi huko Italia, nimeisoma mara mbili, nikidhani labda miwani ndiyo iliyonidanganya. Wapi! Mwandishi kaandika kwamba zaha, au lava kama wengi tunavyoiita, "ilishuka ikawageuza watu mawe". Nimefundisha jiografia miaka 31 na kosa hilo nimelipiga kalamu nyekundu katika madaftari yasiyo na idadi. Sikutegemea kulikuta gazetini.

Volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79 baada ya Kristo, kilichoiangukia Pompeii kwanza kilikuwa mvua ya majivu na vijiwe vyepesi vyenye vitundu, jamii ya lile jiwe la kusugulia visigino. Vilinyesha saa nyingi, vikalundikana mpaka mapaa yakabomoka. Wengi walikimbia wakati huo wakapona. Waliobaki waliuawa asubuhi yake na mawimbi ya gesi na majivu ya moto yaliyoporomoka kutoka mlimani kwa kasi isiyokimbilika. Mji jirani wa Herculaneum, ulio karibu zaidi na mlima, ulikuwa umeshapigwa na mawimbi hayo usiku. Huko imekutwa mifupa ya watu wapatao 300, wengi wakiwa wamejibana kwenye mabanda ya mashua ufukweni.

Sasa hayo "mawe". Majivu yaliifunika miili yakashikana. Nyama ikaoza, pakabaki uwazi wenye umbo la mtu, hadi mikunjo ya nguo. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, msimamizi wa uchimbaji, alianza kumimina jasi ya majimaji katika uwazi huo, akaiacha igande, ndipo akabandua majivu. Mnachokiona katika picha ya makala yenu ni jasi ya karne ya 19, na mifupa imo ndani yake.

Zaha wanaijua ndugu zetu wa Goma. Mwaka 2002 ile ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na ilipopita iliacha mwamba mweusi. Haitunzi sura ya mtu. Majivu ndiyo hutunza: Pompeii mikate ilikutwa ingali ndani ya tanuri, imekuwa makaa lakini duara lake na mikato yake vipo!

Mtaniona mzee msumbufu, lakini hadithi ya mawe huzaa nyingine. Mwandishi huyohuyo anatutoa machozi kwa "mama aliyemkumbatia mwanawe hadi kufa". Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa mwaka 2024 vimeonyesha kwamba mtu mzima yule ni mwanamume, wala hana undugu wa damu na mtoto aliye naye. Umama alipewa na bangili ya dhahabu aliyovaa. Je, alimpakata mtoto wa watu, au walikutanishwa tu na hofu? Hilo lingenifanya niisome makala hadi mwisho bila kuguna.

Na tarehe 24 Agosti aliyoitaja kama amri ya Musa ina mashaka. Mwaka 2018 yalipatikana maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe ya katikati ya Oktoba, na wataalamu wengi sasa wanaelekea kwenye majira ya vuli.

Naomba mchapishe sahihisho. Maelezo ya picha yaanzie na neno "jasi".

Mwalimu mstaafu,
Morogoro