Kitunda cha g4 kilinifunza

Mhariri,

Nawaandikia wenzangu wa sataranji ya mtandaoni. Juzi mpinzani alifungua kwa g4, yaani alisukuma kitunda, kete ndogo ya mbele, hadi mraba uitwao g4. Huo ni ufunguzi wa Grob, uliopewa jina la Henri Grob wa Uswisi. Nikajibu d5, naye akaweka askofu g2. Nikala kitunda cha g4 mbiombio. Akasukuma c4, nikala tena! Askofu wake akateleza hadi b7, akala kitunda na kuikodolea macho ngome yangu pembeni. Nikaipoteza, na mchezo ukaenda.

Usiku nilizipanga kete upya, hatua kwa hatua. Kosa lilikuwa kula c4, kwani nilimfungulia askofu wake mshazari, yaani njia yake ya kukata miraba pembe kwa pembe. Ningesukuma c6 kwanza. Wenzangu, msibofye mchezo mpya kabla ya kuupitia mliopoteza.

Mchezaji wa usiku