Nahodha alisema tusizamie: barua ya malalamiko kwa kampuni ya safari za bahari

Chake Chake, Pemba
5 Agosti 2024

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Safari za Bahari,
Mjini Unguja.

YAH: KUPOTEA KWA MZAMIAJI MLANGO WA FUNDO TAREHE 21 JULAI 2024, NA KUSIMAMISHWA KWA NAHODHA

Assalamu alaykum.

Mimi ni mteja wenu. Pamoja na mume wangu na shemeji yangu tuliwalipa fedha zote mapema kwa safari mliyoitangaza kuwa ya anasa, kwa watu wanaopenda mambo ya kusisimua. Barua pepe yenu ya tarehe 30 Julai nimeipata. Mmenikumbusha kwamba shemeji alitia saini fomu ya kukubali hatari, kisha mkanijulisha kwamba hatua zimechukuliwa kwa kumsimamisha kazi nahodha. Nahodha huyo ndiye mtu pekee katika boti yenu aliyesema tusizamie. Naandika kwanza kwa ajili yake. Habari ya fedha zangu itafuata.

Asubuhi ya Jumapili ile sina lawama nayo. Tulitoka Wesha tukaenda kisiwa cha Misali, maji meupe, samaki tele, na kiongozi wenu wa wazamiaji alikuwa karibu nasi muda wote. Mbizi ya pili ilipangwa Mlango wa Fundo, pengo la mwamba karibu na kisiwa cha Fundo, saa 9:45 alasiri, na saa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, bahari iko kwenye bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine. Katika milango ya upande ule maji huingia na kutoka kwa nguvu, na nafasi ya kuzama kwa salama ni ule muda mfupi maji yanaposimama baada ya kujaa. Yakishaanza kupwa yanamtoa mtu nje, kwenye mkondo wa Pemba, wenye kina cha zaidi ya mita 700 na upana wa karibu kilomita 50 hadi bara.

Tulichelewa kwa sababu yenu. Mpiga picha wa kampuni alitaka picha za chakula cha mchana juu ya mchanga, kisha akarusha kile kidege chake cha kupigia picha, kikaanguka, kikatafutwa. Tulipofika Fundo ilikuwa saa 11 imeshapita. Nahodha alizima mashine, akaangalia maji yanavyopita ubavuni mwa boti, akasema, nami nimesimama karibu naye: "Maji yashageuka. Mkiingia sasa yatakutoeni nje, na jua hili linakuchwa, n'takutafuteni wapi? Tuje kesho maji yakisimama."

Kiongozi wa wazamiaji alipiga simu ofisini, akaweka sauti kubwa. Sote tulisikia. Aliyepokea alisema wateja wamelipia mbizi mbili, kesho wanaondoka, na nahodha kazi yake ni kuendesha boti. Nahodha akarudia maneno yake mara ya pili, taratibu, bila ya kupandisha sauti. Akaambiwa asiwatie wageni hofu. Saa 11:15 jioni watu watano wakaingia majini. Mimi sikuzama, nilibaki juu, ndiyo maana niliyaona yote.

Shemeji yangu ana cheti cha mwanzo cha uzamiaji, ambacho mwisho wake ni mita 18. Mlikuwa na nakala yake, mliitaka wenyewe tulipojiandikisha. Saa yake ya kuzamia, ambayo picha yake nimeiambatisha, inaonyesha alifika mita 31. Hakuteremka kwa ubishi. Mkondo ulimvuta kwenye ukingo wa mwamba ukamtupa chini, na alipotazama nyuma hakumuona kiongozi wala mtu mwingine. Akapanda peke yake, kwa kasi isiyotakiwa, akaipita ile mita 5 ambapo alifundishwa kusubiri dakika 3. Alipotoka juu alikuwa ameshavuka mwamba, yuko nje. Hakupewa boya la kuashiria mahali alipo wala firimbi. Wenzake wanne walitokea upande mwingine kabisa, na boti ilibidi iwapandishe hao kwanza.

Waliomuona ni wavuvi waliokuwa wakirudi Fundo na ngalawa yao. Walimshika mkono mmoja huku na mwingine huku wakamlaza juu ya nyavu, kisha mmoja akavua shati lake akalipunga mpaka nahodha akaliona. Hapo ilikuwa karibu saa 12 jioni. Mume wangu alitaka kuwapa fedha, wakakataa. Mpaka leo naandika hakuna mtu wa kampuni yenu aliyekwenda Fundo hata kuwaambia ahsante.

Shemeji alipofika botini alikuwa anatetemeka na amechoka kupita kiasi. Mimi mwenyewe nilifungua kisanduku cha kijani kilichoandikwa oksijeni. Mtungi ulikuwepo. Mshale wa geji umelala kwenye sifuri, na barakoa yake haimo, pamebaki mpira mtupu. Pembeni palikuwa na friji iliyojaa juisi baridi na taulo zilizokunjwa zikatiwa marashi.

Kampuni inayouza safari za kuzamia haihitaji kufundishwa na mimi kwamba mtu akipanda haraka kutoka kina kirefu, naitrojeni iliyoingia mwilini inaweza kugeuka mapovu kwenye viungo na damu, na kwamba huduma yake ya kwanza ni oksijeni safi. Chumba cha presha cha kutibu ugonjwa huo kiko Unguja. Kwa mzamiaji aliye Pemba, mtungi wa botini ndio msaada wote alionao mpaka avuke. Ule wenu ulikuwa mtupu, na boti ilitoka hivyo hivyo asubuhi.

Usiku bega la kulia likaanza kumuuma, kisha kiwiko. Nilimwandikia kiongozi wenu. Jibu lake ninalo: apumzike, na asubuhi saa 1:30 awepo uwanja wa ndege kama ratiba ilivyo, ndege ni ndogo wala hairuki juu sana. Mtu aliyezama zaidi ya mara moja kwa siku anashauriwa asipande ndege kabla ya saa 18 kupita. Kwa ratiba mliyoitengeneza wenyewe, saa hizo 18 zisingetimia. Yaani hata kama mbizi ile ingekwenda salama, safari yenu ilipangwa kwa namna ya kumuumiza mtu. Tuliziacha tiketi zikapotea. Daktari akashauri avuke kwa boti, tukapandia Mkoani, na huko Unguja akatibiwa katika chumba cha presha. Alhamdulillahi, sasa anaweza kuinua mkono.

Ama hiyo fomu. Nimeisoma tena neno kwa neno. Shemeji alikubali hatari za bahari: mkondo, mawimbi, viumbe vya majini. Hakukubali mtungi mtupu, hakukubali kupelekwa mita 31 kwa cheti cha mita 18, wala hakukubali mtu aliye ofisini mjini ampinge nahodha aliye juu ya maji. Anayependa msisimko halipi ili afe. Analipa ili awe na watu wanaojua mpaka uko wapi, na watakaomzuia akiufikia. Mtu wa aina hiyo mlikuwa naye, na mmemtoa kazini.

Sisi wa visiwa hivi jambo hili linatugusa zaidi ya mnavyodhani. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama mkondo wa Nungwi ikija Pemba, imebeba watu kupita uwezo wake, na tume iliyoundwa baadaye ilitaja zaidi ya watu 1,500 waliokufa au kupotea. Mwaka haukutimia, 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe, katika upepo wa kusi kama huu wa sasa. Chake Chake hapa kuna nyumba ambazo bado hazijajua wapendwa wao wamelala wapi. Kwa hiyo nahodha anaposema maji yamegeuka, sisi hatumhesabu kuwa anawatia wageni hofu.

Nataka nahodha arejeshwe kazini, alipwe siku zote alizosimamishwa, na apewe barua inayosema kwamba alikataa na ofisi ikaamuru. Mimi na mume wangu tuko tayari kuthibitisha maneno yake mbele ya mtu yeyote. Nataka pia muandike katika taratibu zenu kwamba nahodha akisema hapana, hakuna simu kutoka ofisini ya kulibadilisha neno hilo, na kwamba mtungi wa oksijeni utafunguliwa na kukaguliwa mbele ya wateja kabla boti haijatoka. Pesa za safari mturejeshee zote, pamoja na gharama za matibabu na tiketi tulizoziacha. Stakabadhi zimo ndani ya bahasha hii. Ile ofa yenu ya usiku mmoja wa bure na kuruka kwa parashuti nyuma ya boti hatuitaki.

Nakala ya barua hii naiweka tayari kwa Kamisheni ya Utalii Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Nikifika tarehe 19 Agosti sijapata jibu la maandishi kuhusu nahodha, nitaipeleka mwenyewe kwa mkono.

Mteja wenu,
Mkaazi wa Chake Chake
(Jina na saini vimo katika nakala niliyoiwasilisha ofisini kwenu.)