Zuhura, kuhusu lile debe la njugu

Wete, Pemba
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Waraka wako nimeupata juzi kwa mkono wa mpwa wako. Nimeusoma ukumbini, nikaingia nao chumbani nikausoma tena, na usiku sikulala vizuri kwa lile swali la mwisho. Umeniuliza: "Mwanakheri, ni mimi niliyemuua mama?" Umeliandika hivyo hivyo, kavu, kwa sababu ya yale magunia ya njugu nyasa uliyokuwa ukimletea kila ukija, na kwa sababu daktari wa Dar alipokwambia saratani ya ini, kitu cha pili alichouliza ni mama anakula nini.

Hapana, Zuhura. Si wewe. Lakini sitaki nikunyamazishe kwa neno moja kama mtoto, kwa hivyo nikueleze nilichokiona na ninachokijua, na mwisho nina jambo la kukuomba.

Siku tatu baada ya arubaini nilikwenda Mtambwe. Ufunguo nilipewa na jirani, nikapita uani moja kwa moja mpaka jikoni kwa mama. Uchagani, juu ya mafiga, lipo lile debe la bati, limefunikwa sahani ya kauri na jiwe juu yake. Nilipoinua sahani nilipigwa na harufu ya joto, kama jamvi lililolowa masika likakunjwa kabla halijakauka. Njugu za juu zilikuwa nzuri, hata mimi ningezila. Nikazamisha mkono mpaka kwenye kiko: za chini zimeshikana madonge. Nikamwaga kwenye ungo, nikakaa nao mlangoni penye mwanga. Nyingi ni nzima. Lakini kila konzi niliyoteka nilipata tano au sita zilizosinyaa, ngozi imepauka, na ukizipasua, baina ya zile nusu mbili mna ungaunga wa kijani unaokwenda kwenye manjano.

Ule ungaunga ni kuvu, na aina moja yake, inayoitwa Aspergillus flavus, hutoa sumu ambayo huku kwetu imepewa jina la sumukuvu. Haina ladha wala harufu. Harufu niliyoisikia mimi ni ya kuvu na unyevu. Sumu yenyewe inaweza kuwamo hata kwenye njugu ambayo huioni kasoro. Dunia iliijua kwa msiba wa ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika miezi michache na hakuna aliyejua ni maradhi gani, mpaka walipokwenda kutazama chakula chao wakakuta ni mashudu ya njugu yaliyotoka Brazil, yameota kuvu. Baada ya msiba huo ndipo ikapewa jina lake la kitaalamu, aflatoksini, lililotokana na lile jina la kuvu. Na si jambo la mbali: mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walikula mahindi yaliyojaa sumu hiyo wakafa katika muda mfupi. Hiyo ni sumu ikija kwa wingi, kwa pigo moja. Ikija kidogo kidogo, konzi kwa konzi, mtu haumwi kitu. Huendelea na maisha yake, na ini linaandika.

Najua utasema mama alikuwa akizikaanga kwanza. Kweli, na kukaanga hupunguza kiasi fulani. Lakini maji huchemka kwa nyuzi 100, na sumu hii huhitaji nyuzi 230 na zaidi ndipo ivunjike barabara. Kisamvu cha njugu hakifiki huko, na kashata vilevile.

Sasa linavyofanya ini. Kila tunachokula lazima kipite kwake, na linapojaribu kuivunja sumukuvu, huigeuza ikawa kali zaidi, ikaenda kung'ang'ania DNA, yale maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Mara nyingi seli hujitengeneza ikasalimika. Lakini ipo jeni moja, p53, kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isizaane. Sumu hii ina mazoea ya kuipiga jeni hiyo, na ikishapigwa, mwenye kushika breki hayupo tena. Mimi nafundisha bayolojia mwaka wa kumi na saba huu, na kila nikifika hapo ubaoni nashangaa kwamba kitu kidogo namna ile kinajua pa kupiga.

Kaka yako Suleiman aliniambia siku ya hitma kuwa sababu ni mnara wa simu uliojengwa nyuma ya msikiti. Shangazi yako akasema husda. La husda namwachia Mungu. La mnara nitalijibu, kwa sababu nataka Suleiman ahangaike na kinachofaa kuhangaikiwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, hupanga vitu kwa makundi kufuatana na ushahidi. Mawimbi ya simu waliyaweka mwaka 2011 kwenye kundi la "huenda", maana yake ushahidi ni mdogo. Sumukuvu imo kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, pamoja na sigara, moshi wa dizeli na asbestosi. Ila usije ukafahamu vibaya, maana hata walimu wenzangu hukosea hapa: kundi la kwanza halisemi vitu vyote hivyo vina nguvu sawa. Linasema tuna yakini navyo. Hatari inafuata umekula kiasi gani, kwa miaka mingapi, na mwili wako una nini kingine.

Hilo la "nini kingine" ndilo nililokuwa nalizunguka.

Zile karatasi ulizonipigia picha nimezitazama. Ile ya maabara inasema mama alikuwa na virusi vya homa ya ini B. Hakuna aliyekueleza maana yake, na hilo limeniuma kama kilivyoniuma kile kituo kilichomtibu vidonda vya tumbo kwa miezi saba bila ya mtu mmoja kumlaza kitandani akamgusa ubavu. Virusi hivyo peke yake ni chanzo kikubwa cha saratani ya ini. Vikikutana na sumukuvu havijumlishi, vinazidisha. Huko Shanghai walifuatilia maelfu ya wanaume, na matokeo ya mwanzo yakatoka mwaka 1992: waliokuwa na vyote viwili, virusi na alama za sumukuvu kwenye mkojo, hatari yao ya saratani ya ini ilikuwa karibu mara 60 ya wale wasiokuwa na chochote. Mwenye kimoja tu hakukaribia hapo.

Sasa hesabu nami. Umeanza kuleta magunia tangu ulipoolewa Fuoni, miaka tisa. Watu wa kizazi chake wengi walivipata virusi hivyo utotoni, na saratani yake hujengwa kwa miaka ishirini, thelathini, hata zaidi. Kabla ya njugu zako mama alikula makopa yaliyoanikwa chini wakati wa mvua, alikula mahindi ya duka yaliyokaa ghalani hakuna ajuaye muda gani, alikula mbata za kuvu kama sote tulivyokula tukitoka chuoni. Hakuna daktari duniani anayeweza kushika uvimbe mmoja akakwambia huu umetokana na gunia lile la mwaka ule. Ulikuwa mtoto anayemletea mama yake anachokipenda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mama alikuwa akiyaonesha yale magunia kwa kila mgeni.

Ninaowalaumu mimi ni wanaojua. Nimekaa na wauzaji wa njugu, nimeona kwa macho yangu zinavyochambuliwa: nzuri huuzwa nzima, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi hazitupwi. Zinasagwa. Ukishasaga huoni tena kitu. Kwa hivyo, Zuhura, unga wa njugu wa kununua usiutie ndani mwako hata ukipewa bure. Nunua zenye maganda ukipata, zimenye mwenyewe, zichambue kwa mikono yako kama tulivyokuwa tukichambua mchele wa harusi. Sumu kubwa hukaa kwenye zile chache mbovu, na kuzitoa tu kunapunguza sehemu kubwa. Nunua kidogo za kumalizika, zianike juani mpaka zilie ukizitikisa, ziweke pakavu, si chini sakafuni. Zile mbovu usimpe kuku wala usimpelekee jirani mwenye ng'ombe, kwani sumu hii hupita mpaka kwenye maziwa. Za mama mimi nimezifukia nyuma ya mgomba.

Na si kazi bure. Huko China kuna wilaya inaitwa Qidong, saratani ya ini ilikuwa ikiwamaliza. Chakula chao kilikuwa mahindi. Miaka ya themanini wakaanza kuhamia kwenye mchele, sumukuvu ikapungua miilini mwao, na vifo vya saratani ya ini kwa wenye umri chini ya miaka 35 vikashuka kwa zaidi ya nusu, nao ni watu waliozaliwa kabla chanjo ya homa ya ini haijawafikia watoto wote. Waliacha tu kula kilichooza. Kila nikilisoma hilo nafurahi peke yangu.

Umeuliza pia kama watoto waje likizo nyumba ile. Waje. Nyumba haina kosa. Lakini jikoni nimekuta mfuko wa vipande vya nailoni na chupa za plastiki, mama alikuwa akiwashia makaa. Sote tunafanya hivyo, na hali mifuko ya plastiki Zanzibar imepigwa marufuku tangu mwaka 2006. Plastiki, hasa ile yenye klorini kama ya mabomba, ikiungua hutoa sumu ziitwazo dioksini, na kali kuliko zote katika hizo imo kundi la kwanza. Mweleze dada anayewapikia awashie kwa makumbi makavu, na jiko litoke nje. Pia kulikuwa na dumu la dawa ya wadudu limesuuzwa likatiwa maji. Nimelitoboa.

Na mtoni wasioge. Hili nalitilia mkazo kwa sababu ya mwanao wa kiume, najua anavyopenda maji. Kichocho tulikuwa tunakichukulia kama ubaleghe, kijana akikojoa damu watu wanacheka wanasema amekuwa mwanamume. Mayai ya yule mdudu anayekileta yakikaa miaka kwenye kibofu huleta saratani ya kibofu. Nayo hiyo imethibitishwa, tangu mwaka 1994. Watu wa maabara ya Wawi na wizara wamefanya kazi kubwa kisiwani humu kugawa dawa na kukipunguza, lakini mabwawa yapo na konokono wanaombeba mdudu huyo wapo. Akitaka kuoga nitampeleka pwani.

Jambo jingine, limenikera. Nimesikia kikombe na sahani za mama zimetengwa, wanasema ziharibiwe. Homa ya ini B haiambukizi kwa kula sahani moja. Inakwenda kwa damu, kwa kujamiiana, na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Vyombo vya mama nimevichukua mimi, vipo kabatini kwangu, ukivitaka ni vyako.

Na umeshaliona ninalotaka kukuomba. Mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Wewe na Suleiman na wadogo zenu wawili mmezaliwa kabla chanjo hii haijaanza kutolewa kwa watoto wachanga. Sina maana kuwa mnavyo, wengi hawavipati. Lakini nataka mpimwe, nyote wanne, kwa tone la damu. Asiyekuwa navyo atachanjwa, kwisha. Atakayekutwa navyo zipo dawa za kuvituliza, na ini linaweza kutazamwa kila baada ya miezi sita, kitu kikianza kionekane kikingali kidogo. Mama hakupata nafasi hiyo. Najua utaogopa. Najua pia utasema sasa si wakati, msiba bado mbichi. Mimi nakwambia wakati ndio huu, kabla hujarudi kwenye shughuli ukasahau.

Nimeomba ruhusa skuli. Alhamisi naingia meli, Ijumaa asubuhi tunakwenda pamoja, na mimi napima vilevile, maana sijawahi. Usipike, sitaki kuja kukukuta umechoka. Zitafute kadi za kliniki za watoto, tuone chanjo zao zimetimia, na mpigie Suleiman umwambie ninakuja.

Wako,
Mwanakheri